Utafiti wa unga (heroini) na magereza: mbona hauturudii mtaani?

Mkaaji wa Mlango Kubwa
Wadau, hili jambo limenikaa kooni. Mtoto wa marehemu dada yangu alihojiwa na watafiti mwaka juzi. Saa nzima: ulianza unga lini, umeshikwa mara ngapi, ukiwa rumande arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ilikupata vipi. Akatobolewa kidole, akapewa nauli, akaenda zake. Mpaka leo hajui walipata nini. Nilipofuatilia nikaambiwa matokeo yamechapishwa, kwa Kiingereza, na kuyasoma ni kulipa kwa dola. Maneno tumetoa sisi, halafu tunauziwa.

Marekani dawa za kulevya ziliua watu zaidi ya 100,000 mwaka 2021, wengi wao kwa dawa za jamii ya afyuni. Mwaka 2022 serikali yao ikaagiza kwamba utafiti uliolipiwa na fedha za umma usomwe bure tangu siku unapochapishwa. Sisi Kenya katiba yetu, kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari, na Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Basi naomba maoni: utafiti kuhusu uraibu na mahakama urudishwe kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa, au ubaki wa wasomi?

Msemakweli
Wazo ni zuri, ila tuambiane ukweli. Mateja hawasomi utafiti. Mtu anawaza kete ya jioni, wewe unampa kijitabu? Hela za kutafsiri zinunue dawa.

Binti wa Ngara
Msemakweli, mwaka wa tatu huu nakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Kila asubuhi napanga foleni, nakunywa mbele ya nesi, kisha naenda Gikomba kuuza nguo za watoto. Mimi ndiye teja wako? Na kusoma nasoma. Nimesoma ulichoandika, kimeniuma.

Msemakweli
Dada, sikukulenga wewe. Teja ni neno la mtaani, hata wenyewe huitana hivyo maskani. Tusigeuze mjadala kuwa kamusi.

Binti wa Ngara
Tukiitana wenyewe ni letu. Askari akiliita huja na rungu.

Mwalimu Mstaafu
Mniruhusu hapo kidogo. Neno uraibu halikuanza na heroini. Wazee wa pwani waliita uraibu vitu kama tambuu na tumbaku, vile mtu anavyovizoea hata asiweze kukaa bila. Bibi yangu alikuwa na uraibu wake kwenye kijaluba na hakuna aliyewahi kumpeleka korokoroni. Neno mraibu linakuonyesha mtu na mazoea yaliyomshika. Teja linakuonyesha uchafu tu, mtu hayumo. Nimefundisha miaka mingi na nimewaona watoto wakiacha shule kwa sababu ya jina walilopewa.

Mama Huruma
Mwalimu, heshima yako. Mimi mtungi wa gesi umeibwa mara mbili, na aliyeiba namjua, nilimlea na watoto wangu. Nimwite mraibu ili mtungi urudi? Mnawalilia wanaotumia, sisi tunaoibiwa utafiti wetu uko wapi?

Msemakweli
Asante mama. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Mkaaji wa Mlango Kubwa
Pole sana, Mama Huruma. Mpwa wangu naye aliuza redio ya marehemu mamake. Siwezi kukwambia haiumi. Lakini swali lako ndilo hilo langu: akifungwa miezi sita akatoka, anatoka akiwa nani? Kuna watu wamelipima hilo, na majibu yamefungiwa huko.

Wakili wa Makadara
Limepimwa. Jimbo la Washington, Marekani, waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiliwa kutoka magereza, matokeo yakatoka mwaka 2007. Katika wiki mbili za kwanza nje, hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ya wakazi wengine, na kilichoongoza ni kuzidisha dawa. Sababu haina ugumu. Ndani mwili umepoteza mazoea, ukitoka unarudia kipimo kile cha zamani, pumzi inakatika. Mama anayempikia mwanawe pilau ya kumkaribisha nyumbani hajaambiwa kwamba siku hizo 14 ndizo za kumwangalia zaidi.

Rhode Island nao walianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa methadoni na dawa nyingine za tiba wakiwa mle mle ndani. Vifo vya kuzidisha dawa kwa waliotoka karibuni vikashuka kwa asilimia 61. Mimi nasimama kortini kila wiki, na mambo haya niliyajua kwa bahati tu, nilitumiwa na rafiki.

Msemakweli
Hiyo ni Amerika. Hapa hata methadoni ni juzi tu imeingia.

Binti wa Ngara
Hospitali ya Mathari, hapa Nairobi, walianza Desemba 2014. Si juzi. Na mtu akishikwa Ijumaa jioni, dozi yake anaikosa mpaka Jumatatu. Nimeyapitia hayo. Sakafu ya seli, kutapika, mifupa kama inavunjwa, na askari ananiambia najifanya.

Kijana wa Kariobangi
Hiyo ni kinyume cha sheria. Katiba inasema saa 24 uwe kortini.

Wakili wa Makadara
Kijana, kisome kifungu cha 49 mpaka mwisho. Saa 24 zikiishia wakati mahakama imefungwa, unapelekwa siku ya kazi inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, Jumatatu ndani ya sheria kabisa. Lakini haki ya matibabu haifungi wikendi.

Mama Huruma
Sikuyajua haya ya kutapika. Lakini mtungi wangu bado ni mtungi wangu.

Binti wa Ngara
Ni wako, mama. Mimi pia niliiba. Nimeanza kulipa mmoja mmoja, wengine hawataki hata kuniona.

Dada Mkubwa Githurai
Samahani kuingilia. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mdogo wangu anakunywa methadoni na ameshikwa jana usiku. Leo ni Jumamosi. Nifanye nini sasa hivi?

Binti wa Ngara
Dada, usiende stesheni kwanza. Anza kliniki anakochukulia dozi, wikendi pia wapo. Mpe nesi jina lake na stesheni aliyopo, omba barua inayoonyesha ni mgonjwa wao. Ndipo uende kwa mkuu wa kituo na hiyo barua, na umwambie nesi azungumze naye kwa simu mkiwa hapo. Beba maji na sweta. Mdogo wako amekosa dozi ngapi?

Dada Mkubwa Githurai
Moja, ya leo. Natoka sasa.

Wakili wa Makadara
Andika saa uliyofika na jina la askari wa zamu. Jumatatu asubuhi nitakuwa mahakama ya Makadara, kama atapelekwa huko niulize mlangoni.