Familia ya Katuba: Papa na Yaya ku Bulaya, siku ya kwanza

Yaya 07:40
Jambo yenu bote, tulilala muzuri. Papa aliamuka saa kumi na moja, ameshavaa pulovere mbili na koti juu, inje kuko degre 8, anasema twende twende

Mama 07:42
Mungu asifiwe. Mukule mbele ya kutoka. Dawa ya tansyo alikunywa?

Yaya 07:43
Alikunywa Mama, na mukate na mayai

Wa Mwisho 07:45
Yaya muanze na Atomium!!! ile ya mipira 9, nataka kuonyesha bale ba ku masomo

Papa 07:51
Atomium ni kesho mwanangu. Leo niko na mahali yangu ya kwenda.

Papa 09:20
Tumeanza na miguu kwa sababu nyumba ya ndugu yetu iko hapa mu Matonge ya Bruxelles, ni kama uko kwetu Lubumbashi ku soko ya Kenya vile, ba mama banauzisha sombe, samaki ya chumvi, shikwange, batu banaongea Lingala na Kiswahili mpaka nikasahau kama niko Bulaya. Na hapa karibu na Porte de Namur kuko kibao, Square Patrice Lumumba. Balifunguaka hii mahali tarehe 30 juni 2018. Nilivua kofia.

Tantine Katuba 09:34
Niko na Nkambo hapa, ananiambia niandike. Anasema aksanti kwa kuvua kofia. Anasema yeye alikuwa kijana hapa Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, ile mwaka ya 61, Lumumba baliuaka tarehe 17 mwezi wa kwanza lakini redio ilikuja kusema mu mwezi wa pili, na ilisema ati ni batu ba mugini njo balimuua. Anasema batu bakubwa balisikiliza, balinyamaza, hakuna mwenye aliamini

Kaka Likasi 09:41
Papa mi kila wiki napita na lori Shilatembo, pale baliuaka Lumumba. Wiki hii nitasimama nipige foto, tuiweke pamoja na ya kwako

Papa 09:42
Fanya vile mwanangu.

Yaya 10:55
Tulikamata metro mpaka Montgomery, sasa tuko mu tramu 44 ya kwenda Tervuren. Inapita mu pori kabisaaa, miti mirefu, majani ya manjano na mekundu inaanguka juu ya reli, Papa ameweka uso ku kioo hasemi neno

Mama 10:57
Amechoka?

Yaya 10:57
Hapana Mama, anaangalia tu

Papa 12:30
Niko mu ile musée kubwa ya bintu bya Congo. Ku mulango ya chini kuko mutumbwi ya metre 22 na nusu, muti moja tu, nimetembea kando yake toka mwanzo mpaka mwisho nikihesabu hatua. Lakini chenye kilinikamata ni misalaba ya mukuba. Mi nilifanya miaka 31 ku fonderi, mukuba niliiona ikiwa moto, ikiwa maji, ikiwa mabamba, nilijua nimemaliza yote. Sasa naangalia huu musalaba, mikono ine sawa sawa, na upande moja uko magumu magumu mahali balimimina mu udongo wazi, bila mashini, bila muzungu wa kuonyesha, na pembeni haikupasuka hata kidogo. Kupoza mukuba isipasuke si mchezo. Nimeita Yaya nimuonyeshe na kidole, aliona

Yaya 12:33
Niliona. Alinielezea mpaka batu bengine bakasimama kusikiliza

Wa Mwisho 12:36
Sasa juu ya nini habibirudishe bintu byetu?

Baba Mudogo Kolwezi 12:40
Mu 2022 mufalme Philippe alileta masiki moja ku Kinshasa, Kakuungu ya Basuku. Lakini ni ya kuazimisha, haina tarehe ya kurudisha

Papa 12:44
Huwezi kuazimisha mutu kitu chake. Hapo mi nakataa.

Yaya 13:28
Muache niandike hii pole pole. Kuko ukuta moja hapa balichonga majina 1508 ya Babeleji benye balikufaka Congo mu wakati ya Leopold. Sasa ku madirisha mbele ya ule ukuta, msanii wetu Freddy Tsimba wa Kinshasa aliandika majina ya Bakongomani benye balikufaka huku Ubelgiji. Jua ikiwaka, kivuli ya majina yetu inaanguka juu ya majina yao. Lakini tulifika kuko mawingu, ukuta ulikuwa na majina yao tu, mi nikasema Papa twende, akasema tungoje. Tukangoja dakika 20 hivi tumesimama. Kisha jua ikatoka mara moja na majina ikaja, ingine ikaanguka ku koti ya Papa, ku bega. Hakutikisika mpaka wingu ikarudi

Mama 13:31
😭😭

Tantine Katuba 13:32
Nasomea Nkambo, ameomba nirudilie mara mbili

Papa 14:50
Tumefika mahali nilikuwa natafuta. Ni kanisa ya Mutakatifu Yohana, hapa hapa Tervuren. Mu 1897 balileta Bakongomani 267, banaume, banamuke, batoto, babaweke mu vijiji vya kuonyesha mu park, Babeleji bakuje kubaangalia. Ile kiangazi ilikuwa baridi na mvua. Saba habakurudia. Beko hapa pembeni ya kanisa, mawe saba kwa mustari.

Kaka Likasi 14:53
Papa kumbe njo ulikuwa unaficha hii

Papa 14:54
Sikuficha. Nilitaka kwanza nifike.

Tantine Katuba 14:58
Nkambo anauliza muko na maji?

Yaya 14:58
Tuko na chupa moja

Tantine Katuba 15:00
Anasema mumwagie kila moja kidogo, mumuite jina, mumusalimie na Kiswahili ao na Kiluba, si na Kifaransa. Mumuambie mumetoka wapi

Yaya 15:17
Tumefanya. Papa alipiga magoti pa kila jiwe, anaita jina, anasema jambo, siye ba Lubumbashi, tulikuja kuwaangalia. Jiwe ya tatu iko na majani mabichi juu, akaipanguza na kitambala ya Mama. Mi nilikuwa namwaga maji, mukono inatetemeka, sijui ni baridi

Mama 15:19
Kitambala asifue. Mulete vile iko

Tantine Katuba 15:24
Nkambo ametafuta daftari. Anataka majina, jumapili anapeleka ku padri basomewe misa. Andika pole pole

Papa 15:26
Ekia. Gemba. Kitukwa. Mpeia. Zao. Samba. Mibange.

Tantine Katuba 15:29
Anauliza Kitukwa ni K mbili?

Yaya 15:29
Ndiyo, mbili. K-I-T-U-K-W-A