Mashine ya kuoshea vyombo haitoi maji: nizibue mwenyewe, ninunue pampu mpya au niiuze tu? (Dodoma)

MamaZawadi_Iyumbu
Mbukwenyi wadau. Nina mashine ya kuoshea vyombo niliyohama nayo kutoka Dar, sasa nipo Iyumbu. Miezi mitatu imefanya kazi bila shida. Tangu juzi inaosha mpaka mwisho, lakini nikifungua mlango nakuta maji machafu yametuama chini, mafuta yanaelea, harufu haivumiliki. Wakati wa kutoa maji naisikia inaunguruma kama dakika moja, kisha inanyamaza.

Fundi mmoja alikuja, akasikiliza tu bila kufungua chochote, akasema pampu imekufa. Kuiagiza Kariakoo pamoja na ufundi anataka 180,000. Mume wangu anasema tujaribu kuzibua wenyewe kwanza. Dada yangu anasema mashine hizi haziwezani na maji ya Dodoma, niiuze nirudi kwenye beseni. Nina watoto wanne na ninamuuguza mama mkwe, mashine hii inanipunguzia kazi kweli. Nyie mngeanza na ipi?

Fundi_Kisasa
Dada, hela ya pampu usiitoe bado. Pampu iliyoungua mara nyingi huwa kimya kabisa. Ikiunguruma, umeme unaifikia. Basi ama kuna kitu kimekwama kwenye feni yake, ama inasukuma vizuri ila maji hayana pa kwenda. Huwezi kutofautisha hayo mawili kwa kusikiliza.

Fanya kipimo cha ndoo. Zima mashine, chomoa plagi. Fuata hosi ya maji machafu mpaka inapoungana na bomba chini ya sinki, ichomoe hapo, mwisho wake uutumbukize kwenye ndoo na mtu aushike. Rudisha plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha ukishikilie sekunde 3 hivi. Mashine nyingi hapo hufuta programu na kutoa maji. Yakija kwa kasi, mashine yako ni nzima na kilichoziba ni bomba la nyumba. Yakija kwa kudondoka, au yasipokuja, ndipo tunaingia ndani ya mashine.

Mpangaji_AreaD
Naunga mkono kuzibua mwenyewe, kwa sababu yangu ilikuwa ndani. Nilichota maji kwa kikombe, yaliyobaki nikayakausha kwa sponji. Vaa glovu nene, mimi nilikuta kipande cha glasi. Chujio la chini huzungushwa kushoto likatoka. Langu lilikuwa limegandamana ukoko wa ugali na mlenda, maji hayapiti hata tone. Siku hizi nakwangua sufuria kabla ya kuiingiza.

Chini ya chujio kuna kifuniko kidogo cha plastiki, ukikitoa unaiona feni ya pampu. Izungushe kwa kidole, plagi ikiwa nje. Itazunguka kwa kushtukashtuka kana kwamba inavutwa. Usidhani ni mbovu, ndani yake kuna sumaku. Mbovu ni ile iliyokwama kabisa au inayozunguka kwa ulaini bila kushika. Glasi yangu ilikuwa imeingia hapo, nilipoitoa maji yakaondoka. Sikutumia hata shilingi.

Mzakwe_kwetu
Mimi nahofia chumvi. Sehemu kubwa ya maji ya mjini inatoka visima vya Mzakwe na ni magumu, angalia birika lako lilivyo na gamba jeupe. Ningeanza kwa kuosha mashine na unga wa sitriki, ule wa maduka ya vifaa vya keki, halafu ndiyo niangalie mengine.

Fundi_Kisasa
Mzakwe_kwetu, chumvi ni adui wa kweli, ila huja polepole. Hushika kipasha joto na kuziba vitundu vya mikono inayorusha maji, vyombo vinatoka na ukungu mweupe. Tatizo la Mama Zawadi limeanza ghafla. Na sitriki haiwezi kusafisha bomba ambalo maji hayapiti. Kwanza maji yatoke, sitriki baadaye.

Kama mashine ina tangi la chumvi ya kulainishia maji, mweke ile ya chembe kubwa ya mashine hizi. Chumvi ya mezani ina viungo vya kuizuia isigande, navyo huweza kuziba mfumo huo.

Nala_2
Unatumia sabuni gani? Vidonge vilipokosekana mimi niliweka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Povu lilijaa mpaka mlangoni na maji hayakutoka, maana pampu haiwezi kusukuma povu.

MamaZawadi_Iyumbu
Natumia vidonge tu, Nala. Tumefanya kipimo cha ndoo jioni hii. Mume wangu alishika hosi, maji yakaruka kwa nguvu hadi yakamlowesha. Pampu ni nzima!

Tukafungua kile kikombe cha kunasia uchafu chini ya sinki. Kilikuwa kimejaa mafuta yaliyoganda kama mshumaa. Tulipika nyama Jumapili, na kwa baridi hii ya Julai mafuta hayafiki mbali. Tulipokisafisha sinki likawa bado linashusha taratibu, tukatoka nje kwenye chemba tukakuta mafuta na mchanga. Tumezibua kwa waya na maji ya moto. Nasikitika kwamba nilikuwa na 180,000 mkononi, tayari kumpa yule fundi.

Mpangaji_AreaD
Mungu mkubwa. Ila isingefaa kufunga mjadala bila kuigusa pampu, kwa anayesoma ambaye yake imekufa kweli. Pampu mpya au ya mtumba? Mtumba ni nafuu, lakini ipimwe kwa mita ya fundi umeme kabla hujalipa. Nyingi husoma kama omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 100 hadi 200. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, iache hapo dukani. Na uende na ile ya zamani mkononi, kwa sababu pampu zinafanana kwa macho na matundu hayaingiani. Mimi ningenunua mpya, kwa vile safari ya kurudisha ya mtumba Dar inakula nafuu yote.

Fundi_Kisasa
Hongera Mama Zawadi. Bado moja: hosi yako inapita wapi?

MamaZawadi_Iyumbu
Imelala sakafuni, halafu inapanda kidogo kuingia kwenye bomba.

Fundi_Kisasa
Inyanyue mpaka karibu na meza ya sinki, ifunge hapo, ndipo ishuke kuingia bombani. Ikilala chini, sinki likijaa maji yake machafu hurudi kwenye mashine.

MamaZawadi_Iyumbu
Nimeifunga jana. Leo asubuhi nimeosha vyombo vya usiku, chini pamekauka, isipokuwa maji kidogo kwenye shimo la chujio. Nayo niyatoe?

Fundi_Kisasa
Hayo yaache. Ni ya kawaida, yanazuia mpira wa pampu usikauke.