Cessna Caravan: kwa nini mafuta yakatwe kabla ITT (joto la gesi ndani ya turbini) haijafika kikomo wakati wa kuwasha injini?

RubaniMsaidizi
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninaruka kama rubani msaidizi kwenye Cessna 208B yenye injini ya PT6A-114A. Tukiwa Arusha, upepo ukivuma kutoka nyuma ya ndege, kapteni alianza kuwasha kama kawaida: betri ilisoma volti 24.2, Ng (kasi ya mzunguko wa sehemu ya injini inayobana hewa) ikapita asilimia 12, akafungua mafuta. Injini ilishika moto mara moja, lakini ITT ikapanda kwa kasi huku Ng ikijikokota kwenye asilimia 20 na kitu. Ilipogusa nyuzi 900, akarudisha wenzo wa mafuta nyuma na kuiacha stata (mota ya kuwashia injini) iendelee kuzungusha. Kitabu cha ndege kinaruhusu nyuzi 1,090 kwa sekunde 2. Kwa nini hakusubiri, na abiria walikuwa wameshakaa? Halafu, ikiwa kitabu kinataka volti 24, ile 24.2 ina kasoro gani?

KapteniWaZamani
Marahaba. Kapteni wako alifanya sawasawa. Vipimo hivyo viwili husomwa pamoja: ITT ikipanda na Ng nayo ikapanda, hewa inaongezeka na joto litashuka lenyewe muda si mrefu, lakini ITT ikipanda huku Ng imelala, hewa ya kupoza turbini haiji, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba mambo yatajirekebisha. Isitoshe, kipimo cha ITT huchelewa kidogo nyuma ya joto halisi, kwa hiyo anayengoja kuiona 1,090 ndipo avute wenzo atakuwa ameshaivuka. Kuiacha stata izungushe baada ya kukata mafuta ndiko kunakoitoa ile gesi ya moto ndani ya injini, na ni kosa la kawaida kwa mtu mwenye hofu kuzima kila kitu kwa mpigo.

Upepo wa nyuma nao ulichangia, kwa kuwa husukumana na moshi unaotaka kutoka kwenye bomba, na Arusha iko juu ya futi 4,500, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Geuzeni ndege ielekee upepo kabla ya kuwasha. Hakikisheni pia kwamba wenzo wa dharura wa nguvu za injini uko kwenye nafasi yake ya kawaida, maana ukiwa umesogezwa mbele, mafuta huingia kupita kiasi na ITT hupaa hata kama betri ni nzima.

FundiWaInjini
Niongeze kuhusu betri. Betri ya asidi ya volti 24 ina seli 12, na kila seli iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma zaidi ya 25. Hiyo yenu ya 24.2 ilikuwa juu ya kiwango cha kitabu, lakini ilikwisha kupoteza sehemu kubwa ya chaji yake. Mimi hutazama volti zinavyoporomoka stata inapoanza kuvuta na jinsi Ng inavyopanda kabla ya mafuta kufunguliwa. Ikivuta miguu hapo, kuleteni umeme wa nje. Tatizo likijirudia hata kwa umeme wa nje, lichunguzwe kwenye brashi za stata na kwenye zile nozeli 14 za mafuta, ambazo zikichafuka hazinyunyizi tena sawasawa.

Kinyume chake, injini ikishika moto kisha Ng ikakwama chini ya asilimia 52 na ITT isiwe ya kutisha, mimi huanza na bomba la hewa ya P3 (hewa iliyobanwa na injini) liendalo kwenye kidhibiti cha mafuta. Uvujaji mdogo tu pale hukifanya kidhibiti kitoe mafuta pungufu.

RubaniMsaidizi
Nashukuru sana. Na ikiwa injini haikushika moto kabisa, inaruhusiwa kujaribu tena papo hapo?

KapteniWaZamani
Hapana. Sekunde 10 zikipita bila ITT kupanda, kata mafuta na uzime stata. Mafuta yaliyokwisha kuingia lazima yatoke kwanza, kwa kuizungusha injini bila mafuta wala cheche, la sivyo jaribio la pili litatoa mwali kwenye bomba la moshi. Stata nayo ina mipaka: kwa betri ni sekunde 30 za kuzungusha na 60 za kupumzika, na baada ya mzunguko wa tatu ni dakika 30. Kwa umeme wa nje ni sekunde 20 kwa 120, kisha dakika 60. Mizunguko ile ya kuondoa mafuta nayo inahesabiwa.

FundiWaInjini
Na ikitokea ITT imevuka kikomo, tafadhali andikeni kwenye daftari la ndege kiwango cha juu kilichofikiwa pamoja na sekunde kilizodumu. Jedwali la mtengenezaji huamua kwa vyote viwili kama injini itakaguliwa tu au itashushwa, na nikiletewa nyuzi bila sekunde siwezi kuiachia ndege iruke.