Tupeane uzoefu: Wenye Linux na Mac, mnapimaje magari yenu?

Wakuu, habari za wikendi.

Laptopu yangu ina Ubuntu (aina ya Linux), Windows niliachana nayo na sina mpango wa kurudi. Gari ni Toyota ya mtumba kutoka Japani. Taa ya injini ikiwaka napenda nijue mwenyewe kuna nini kabla fundi hajaniorodheshea sensa za kununua. Shida ni kwamba programu za kupima magari zenye nguvu zote ni za Windows: Techstream ya Toyota, VCDS ya Volkswagen na Audi, ISTA ya BMW, FORScan ya Ford. Huku kwetu kwenye Linux nimepata za kusoma na kufuta kodi za hitilafu tu. Kuprogramu ufunguo au kuingia kwenye ABS na eabegi, hamna kitu.

Nyie mnafanyaje? Anayekuja kusema "weka Windows" apite kimya kimya.

Mdau, Arusha
Mkuu, mimi nina Ford Ranger na kebo ya USB yenye chipu ya ELM327, ile inayounganisha gari na kompyuta. Ukiichomeka, Linux inaitambua bila kuweka draiva yoyote, inajitokeza kwa jina la ttyUSB0. Wengi wanakwama hapo na kulaumu kebo, kumbe akaunti haina ruhusa. Jiingize kwenye dialout, kundi la watumiaji wenye ruhusa ya kutumia kebo kama hizo, toka, ingia tena. FORScan naiendesha kwa Wine, inayofungua programu za Windows ndani ya Linux. Unaielekeza COM1 (jina la Windows la mlango wa kebo) kwenye hiyo ttyUSB0. Inasoma hadi moduli za bodi ya gari, si injini tu. Kubadilisha mipangilio sijathubutu, gari ndilo linalonilisha.

Mdau, Mombasa
Afadhali yenu nyinyi wa Linux. Mie nina Mac ya chipu ya M1. Hizi zilizoanza kutoka 2020 hazina tena Boot Camp, njia ya kuwasha Windows moja kwa moja kwenye Mac. Nikaweka Windows ya ARM (ya aina ya chipu kama ya M1) ndani ya Parallels, programu ya kuendesha Windows juu ya Mac, programu ikafunguka vizuri, nikafurahi. Kumbe draiva ya kebo imeandikwa kwa prosesa za Intel, na Windows ya ARM hutafsiri programu za kawaida, draiva haitafsiri. Basi skrini nzuri, gari kimya.

Sasa natumia simu. Ila mwenye iPhone ajue: vile vidude vya Bluetooth vya bei rahisi haviongei nayo. Nunua cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE. Android haina masharti hayo.

Fundi, Mwanza
Niwaambie kwa nini iko hivi, maana watu wanadhani ni roho mbaya ya viwanda. Kuna kiwango cha SAE (chama cha wahandisi wa magari) kinaitwa J2534, ndicho kinachoruhusu kifaa kimoja kuprogramu magari ya kampuni tofauti. Kiwango chenyewe kimeeleza kwamba draiva ya kifaa iwe faili la DLL, aina ya faili la programu la Windows. Kiwanda kikifuata kiwango, tayari kimewaacha nje. Tundu la OBD, pale unapochomeka kebo kwenye gari, halina ubaguzi, wala itifaki ya CAN, lugha ambayo kompyuta za gari huongea. Linux ina SocketCAN, sehemu ya kuongea CAN, ndani ya kerneli (kiini chake) tangu 2008, na waliochangia kazi hiyo ni watafiti wa Volkswagen wenyewe!

Kwangu gereji ipo laptopu ya zamani ya Windows, haijui intaneti, kazi yake magari tu. Windows ndani ya VirtualBox, yaani ikiendeshwa kama programu ndani ya mfumo mwingine, ni sawa kwa kusoma. Kwa kuandika kwenye kontroboksi, kompyuta ya injini, usijaribu. Nimeletewa Subaru iliyokuwa ikiflashiwa (ikiandikiwa programu mpya) kwa njia hiyo, USB ikakatika katikati ya kazi. Gari lilikuja juu ya breakdown na mwenye gari akaja nyuma kwa bodaboda.

Mdau, Nairobi
Kwa Subaru mambo si mabaya hivyo. FreeSSM, programu ya kupima Subaru, ipo ya Linux, na RomRaider, nyingine ya Subaru, imeandikwa kwa Java inayokubali mfumo wowote, kwa hiyo kurekodi data nikiwa barabarani nafanya kwa Linux bila stress. Kuflashi ndio naazima Windows ya bro wangu.

Kichekesho ni kwamba ukitoa kontroboksi ya kiwanda ukaweka Speeduino au rusEFI, kontroboksi za kujiundia, shida inaisha. TunerStudio, programu ya kuzirekebisha, inakubali Windows, Mac na Linux. Wale wanaounda vitu vyao kwa sakiti na solda wametujali kuliko kampuni zenye majengo ya ghorofa.

Mdau, Dodoma
Mnahangaika na laptopu za nini? Toyota nyingi za zamani unaunganisha pini namba 4 na 13 za tundu la OBD kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kustati, unahesabu taa inavyopepesa. Umeshajua kodi.

Fundi, Mwanza
Kweli, ila anayehesabu pini ahesabu vizuri. Namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Ukikosea tundu utaitafuta fyuzi usiku.

Mleta mada
Nashukuru wakuu. Arusha, ya dialout imefanya kazi. Sasa kebo inaonekana lakini gari halijibu. Kwenye gari la jirani lililotoka Uingereza inasoma.

Fundi, Mwanza
Hapo si Linux. Toyota za soko la ndani la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi haziongei OBD ya kawaida. Zinataka amri zake za kuanzia. Kwenye simu jaribu programu ya Car Scanner, chagua wasifu wa Toyota ya Japani. Na angalia kebo yako imeandikwa toleo gani. Kopi nyingi za ELM327 za "2.1" zimepunguzwa amri. Za "1.5" zenye chipu ya PIC18F25K80 huwa zina nafuu, ingawa ELM wenyewe, kampuni iliyobuni chipu hiyo ya ELM327, hawakuwahi kutoa toleo la 1.5. Fungua kifuniko upige picha ya bodi, weka hapa tuione.