Wapiga picha wa matamasha, mkono wa mpiga solo mmeuficha wapi? NIMECHOKA!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe. Uzi huu ni wa watu wanaotazama matamasha na filamu za muziki wakiwa nyumbani, iwe kwa runinga, kwa simu au kwa projekta ya kuazima. Kama kazi yako ni kuandika "noma sana" na vimoto vitatu, pita tu, nyuzi za kwako zipo nyingi.

Lalamiko langu ni moja. Watu wanaorekodi matamasha yetu siku hizi hawarekodi muziki, wanarekodi shughuli.

Juzi nimetazama onyesho la bendi moja ya dansi ya hapa Dar. Picha safi kabisa, kamera si chini ya nne na droni juu. Bendi siitaji kwa sababu kosa si lao, na waliorekodi siwataji kwa sababu wanajijua. Wimbo unaanza vizuri, waimbaji wanapokezana, unasogeza kiti. Sasa inafika sebene. Waimbaji wanapisha, magitaa yanaanza kusemezana, na hapo hapo kamera inatoka mbio jukwaani kama imeitwa kwingine. Inakwenda wapi? Meza ya mgeni rasmi. Tunamwona mheshimiwa anafuta jasho. Tunaziona chupa, moja moja. Tunamwona dada anajirekodi kwa simu yake, yaani mimi niliyenunua bando nimekaa sebuleni namtazama mtu anayejitazama. Kisha droni inapaa na kutuonyesha mabati ya mtaa mzima. Solo inalia huko chini na hatujui anayepiga ni nani, kijana au mzee, amekaa au amesimama. Kamera ikirudi jukwaani, mpiga gitaa ameshamaliza, anakunywa maji.

Ikatokea hivyo wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wimbo wa nne nikazima.

Nilipiga besi kwenye bendi ya harusi enzi za ujana, si fundi wa kutisha, lakini najua ninachokosa. Kwenye sebene magitaa yanafumana: solo juu, mi-solo katikati, rithimu chini, na besi inajibu kwa namna yake. Kila mmoja anapiga kipande kidogo kinachojirudia, na utamu unatoka pale vipande vinapopishana. Kwa sikio peke yake, hasa kwa spika za runinga, ni kazi ngumu kujua kipi kimetoka kwa nani. Jicho ndilo linalokusaidia. Ukiona kidole cha mi-solo kinatembea huku wa solo amesimama kwenye noti moja, ndipo sikio linafunguka na unausikia wimbo mwingine kabisa ndani ya ule ule. Na vijana wanaojifunza gitaa leo huko Mbagala au Ubungo, wengi wao mwalimu wao ni video. Hiyo video inawafundisha nini? Namna mheshimiwa anavyofuta jasho?

Taarab ndiyo usiseme. Nimetazama maonyesho kadhaa ya Unguja mwezi huu, mengine ya zamani yaliyopandishwa upya, mengine ya juzi juzi. Sina ugomvi na kutunza, kutunza ni nusu ya taarab. Mtu akipanda na noti zake akampepea mwimbaji kwa kuwa ubeti umemgusa au umemgusa jirani yake, hilo lirekodiwe na mimi nacheka. Lakini tangu bashrafu? Bashrafu haina mwimbaji! Ni wakati wa vyombo peke yake, fidla, udi, kodiani na kanuni, na ndio wakati mtangazaji anaona nafasi ya kuingia kuwashukuru wadhamini. Anaongea mpaka bashrafu inakwisha. Kanuni ina nyuzi sabini na zaidi, mpigaji anavaa pete zenye kijiti cha kupigia kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na mikono hiyo miwili inakimbizana. Ni moja ya vitu vizuri vya kutazama kwenye muziki wote wa pwani. Mimi kwenye saa nzima nimeiona kanuni mara chache za kupitia tu, kamera ikiwa njiani kwenda kwa mama aliyevaa dhahabu.

Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905. Culture Musical Club tangu 1958. Vikundi vya umri huo, na mtu akitaka kumwona mpiga kanuni wao kwa dakika tano bila kukatizwa inabidi apande boti.

Najua mtaniambia ni uwezo, wenzetu wana pesa. Acheni. Kamera nne na droni si umaskini. Nitawaambia nilichotazama mwezi huu na mpime wenyewe.

Stop Making Sense, filamu ya bendi ya Kimarekani Talking Heads, ilirekodiwa Desemba 1983 pale Pantages, Hollywood, mwongozaji Jonathan Demme. Ilirudi sinema mwaka 2023 baada ya kusafishwa. Mwimbaji wao David Byrne anaingia peke yake na gitaa na redio kaseti, anaiweka chini, anaanza. Wimbo wa pili anaingia mpiga besi. Wa tatu ngoma, wa nne gitaa jingine, na mafundi wa jukwaa wanasukuma majukwaa madogo yenye magurudumu huku wimbo unaendelea, hawafichwi. Mpaka bendi inapojaa, umeshajua nani anapiga nini na sauti yake ikoje. Watazamaji? Karibu hawaonekani mpaka mwishoni. Kamera inakaa kwa mtu, inamngoja, inamwacha atoke jasho mbele yako. Huo muziki sikukulia nao wala si wa kabila langu, na nimeutazama mpaka mwisho bila kugusa simu. Maksi zangu: tisa. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya lile koti lake kubwa, limenichosha macho.

The Last Waltz ya Martin Scorsese, tamasha la kuaga la bendi iliyoitwa The Band, Novemba 1976, San Francisco. Hii ina mahojiano mengi mno kwa ladha yangu, lakini kuna kisa kimoja kila mpiga picha wa bongo angepaswa kukisikia. Mzee wa blues, Muddy Waters, anapanda kuimba, na kamera karibu zote zimesimama. Mmoja tu, László Kovács, alikuwa ameshavua vile visikilizio ambavyo mwongozaji alikuwa akimpigia kelele, kwa hiyo hakusikia amri yoyote, akaendelea kurekodi. Kamera moja. Imemshika mzee usoni, haikimbii, na ndicho kipande bora cha filamu nzima. Ingekuwa huku angepigiwa simu aende akamchukue mgeni rasmi.

Amazing Grace ya Aretha Franklin nayo, usiku mbili kanisani Los Angeles, Januari 1972. Hawa walikosea vibaya kuliko nyinyi: hawakupiga vile vibao vya kulinganisha sauti na picha mwanzoni mwa kila kipande, na wakati ule hakukuwa na kompyuta ya kuwaokoa, filamu ikalala kabatini mpaka 2018. Lakini kwa kuwa kamera zilikuwa zimemtazama mwenye kuimba na kwaya nyuma yake, ilipokuja kuunganishwa kila kitu kilikuwepo. Mick Jagger alikuwa amekaa nyuma humo kanisani. Anaonekana kidogo, basi, tunarudi kwa mama. Hivyo ndivyo mgeni maarufu anavyoonyeshwa.

Na msidhani nawasujudia wazungu. Filamu ya Soul Power imenikera karibu sawa na lile onyesho la bendi ya Dar. Lile ni tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, siku tatu, lililopangwa lifuatane na pambano la ngumi la Ali na Foreman, pambano likasogezwa mpaka mwishoni mwa Oktoba kwa sababu Foreman alichanika mazoezini. James Brown yupo, B.B. King yupo, Bill Withers yupo, Celia Cruz na Fania All Stars wapo, na wote wametazamwa kwa heshima. Wenyeji je? Franco na OK Jazz! Tabu Ley! Kwenye mji wao, mbele ya watu wao, katika miaka waliyokuwa moto kabisa! Wamepewa vipande. Unamwona Franco, unakaa vizuri, wameshakata. Mwaka 2017, miaka 43 baadaye, ndipo ikatoka albamu ya wanamuziki wa Kiafrika wa tamasha lile. Tumesikia, tunashukuru, lakini mimi nataka kuuona mkono wa Franco ukivuta nyuzi, na filamu ilipigwa.

Summer of Soul, ya tamasha la Harlem la 1969, ile iliyochukua Oscar 2022, inaanza na Stevie Wonder anapiga ngoma, si kinanda, ngoma, na anazipiga kweli kweli. Baada ya hapo kila wimbo ukipamba moto anaingia mtu anaeleza wimbo ulikuwa na maana gani. Wimbo si unaendelea hapo nyuma? Niache niusikie. Kanda zilikaa chini ya nyumba ya mtu karibu miaka hamsini, zimefufuka, halafu tunaongea juu yake. Pale Mahalia Jackson na Mavis Staples wanaposhikana maiki moja ndipo walipotuachia tupumue kidogo, na nilisimama.

Kuhusu sauti nitasema kwa kifupi maana nikianza sitamaliza. Wengi wenu mnafanya moja kati ya haya mawili. Mnachukua sauti ya maiki ya kamera, tunasikia mwangwi wa ukumbi na mtu anaagiza soda. Au mnachomeka waya kwenye miksa na kuchukua ile sauti ya ukumbini moja kwa moja, ambapo waimbaji wako juu na magitaa hayasikiki, kwa sababu ukumbini magitaa yalikuwa yanasikika yenyewe kwenye amplifaya zake, fundi hakuhitaji kuyapandisha. Miksa nyingi za kidijitali siku hizi zinaweza kutoa kila chombo njia yake mpaka kwenye kompyuta, kwa waya mmoja wa USB. Ukachanganye kesho yake ukiwa umelala na kula. Hamfanyi. Mnapandisha usiku ule ule mgombee kutazamwa.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Mkuu mmoja hapo chini anasema "watu wanataka kuona shangwe, mzee." Watu wapi? Mtu aliyetaka shangwe alikwenda ukumbini. Huyu aliyebaki nyumbani hana shangwe yoyote, ana sahani ya ugali na mke anayeuliza utazima saa ngapi. Kilichomkalisha hapo ni muziki.

NYONGEZA 2: Dada mmoja kanijibu kwa adabu sana, ahsante dada yangu. Anasema mdogo wake ni mpiga picha na kwamba maelekezo yanatoka kwa anayelipa: mgeni rasmi aonekane, wadhamini waonekane, mabango yaonekane, na ikikosekana sura ya mkubwa mmoja malipo yanapungua. Hili nalikubali, na nadhani ndio mzizi wenyewe. Vijana wetu wengi wamejifunzia kamera kwenye harusi na sendofu. Kule ni haki kila shangazi aonekane, asipoonekana kuna kesi ya ukoo. Sasa wanapelekwa kwenye onyesho la bendi na mkono ule ule: kamera inazunguka meza kwa meza inatafuta mashangazi. Kwa hiyo hasira yangu naigawa. Robo kwa wapiga picha. Iliyobaki ni kwa waandaaji, nyinyi mnaojua kuandika mkataba wa maji ya kunywa ya mgeni rasmi lakini hamwezi kuandika mstari mmoja kwamba kamera namba mbili isitoke kwa wapiga vyombo mpaka wimbo uishe. Kamera moja tu, mkuu! Tatu zilizobaki zungukeni nazo mpaka chooni mkitaka.

NYONGEZA 3: Anayesema mimi ni mzee na nimebaki nyuma, kweli mimi ni mzee. Jibu hoja.

Sasa naomba kitu. Mwenye linki ya onyesho lolote la taarab, la zamani au la sasa, ambalo mpiga kanuni anaonekana mikono yote miwili bashrafu nzima, aweke hapa. Mwenye sebene lolote la bendi zetu za dansi, Sikinde au Msondo, ambalo kamera imebaki kwa wapiga magitaa hata dakika tatu, aweke. Rangi mbovu sawa, nyeusi na nyeupe sawa, kanda imekwaruzika sawa. Za droni msiniletee.