Filamu bubu za mapenzi na vichekesho zilizopotea: ungependa ipatikane ipi?

MlinziWaMikanda: Wakuu, salaam. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya 2013 ilikadiria kuwa karibu asilimia 70 ya filamu bubu ndefu za Marekani zimepotea. Mbili zinaniuma, zote za studio ya Paramount, zote za 1928: Gentlemen Prefer Blondes ya mwongozaji Malcolm St. Clair na Red Hair (yaani nywele nyekundu) ya mwigizaji Clara Bow. Ikibidi ipatikane moja tu, mngechagua ipi? Mimi Gentlemen. Riwaya ya Anita Loos ya 1925 iliyozaa filamu hiyo ni shajara ya mhusika mkuu, Lorelei, mwenyewe, na utamu wote uko katika uandishi wake. Filamu isiyo na sauti iliubebaje utamu huo? Loos alishiriki kuiandika, na kadi za maandishi, zile zinazoonyeshwa kati ya picha badala ya sauti, zilikuwa fani yake hasa. Halafu nataka kumwona Ruth Taylor akiwa Lorelei, miaka 25 kabla ya Marilyn Monroe kumwigiza katika filamu ya 1953.

Bi_Mkasi: Hapana mkuu, Red Hair. Lorelei tunaye: kitabu kipo, filamu ya 1953 ipo. Ucheshi wa Clara Bow uko machoni, mabegani, namna anavyoingia chumbani. Humo ni msichana wa kutengeneza kucha. Wazee watatu wanamwaga zawadi, kumbe ndio walezi wa kijana anayempenda. Kusimuliwa hakutoshi, lazima umwone. Kimesalia kipande kifupi cha rangi, na nywele ni nyekundu kweli kweli! Ndicho kinachonitesa.

KibandaUmiza: Msikate tamaa. Her Wild Oat ya mwigizaji Colleen Moore (1927) nayo ilihesabiwa imepotea, nakala ikaonekana katika hifadhi ya filamu ya Prague, kadi zikiwa za Kicheki. Upstream ya mwongozaji John Ford ilikutwa New Zealand. Mikanda ikishamaliza mzunguko wa maonyesho huko mbali, kuirudisha Marekani kulikuwa gharama tupu, ikabaki. Iliyobaki nyumbani iliungua, ilioza, au iliyeyushwa ili kutoa madini ya fedha.

Sasa pimeni kwa hapo: nakala ya ng'ambo ya Gentlemen itakuja bila maneno ya Loos. Ya Red Hair itakuja na Clara Bow mzima. Kura yangu kwa Bi_Mkasi.

MlinziWaMikanda: Hapo umenibana, mkuu. Ila kadi zikija za Kicheki, kitabu kipo cha kutusaidia kuzitengeneza upya. Nabaki na Lorelei.

Bi_Mkasi: Kadi sawa. Mabega ya Clara utayatoa kitabu gani?