BWA-MEM, Bowtie2 au minimap2 kwa jenomu za TB kwenye RAM GB 8?

Majengo_Moshi: Wakuu, nina sampuli za TB zilizosomwa kwa mashine ya Illumina, jozi za vipande vya herufi 150 za DNA. Natafuta mabadiliko ya usugu wa dawa. Laptopu ina RAM GB 8. Kati ya BWA-MEM, Bowtie2 na minimap2, programu za kukalisha vipande mahali pake kwenye jenomu rejea, nishike ipi?

Njiro_Bio: BWA-MEM. Jenomu rejea ya TB, H37Rv, ina herufi milioni 4.4 tu, haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni `samtools sort`, amri ya kupanga vipande vilivyokwisha kukaa: ile `-m` (kiasi cha RAM) ni ya kila thredi (idadi yake ni `-@`), si ya kazi nzima. Ukiandika `-@ 8 -m 2G` umeomba GB 16, na Linux itaizima kazi njiani. Weka `-@ 2 -m 1G`. Umeme ukikatika, pitisha kila BAM (faili la vipande vilivyokaa) kwenye `samtools quickcheck` kabla ya kuendelea.

Tengeru77: Naunga mkono. Bowtie2 kwa kawaida inataka kipande kikae chote, mwanzo hadi mwisho. Mabaki ya adapta (DNA bandia inayoongezwa kabla ya kusoma) yakibaki mkiani, vipande vizuri vinatupwa. Ukiipenda, safisha kwanza kwa fastp, programu ya kukata adapta, au tumia `--local`, inayoruhusu sehemu tu ya kipande ikae. minimap2 iache kwa data ya Nanopore (mashine inayosoma vipande virefu), `-ax map-ont`; hapo haina mpinzani.

Majengo_Moshi: Asanteni. Na kina, yaani kila herufi ya jenomu imesomwa mara ngapi? Nina jozi kama 750,000 kwa sampuli.

Njiro_Bio: 750,000 × 300 ÷ milioni 4.4 ni kama mara 51. Inatosha, mradi DNA iwe ya TB kweli. Angalia `samtools flagstat`: vipande vingi visipokaa kwenye H37Rv, sampuli ina DNA ya mtu au bakteria wengine, na kina halisi kimeshuka.

Sakina_Lab: Hapo kwenye bcftools, programu ya kutafuta mabadiliko, msipite haraka. Usipoweka `--ploidy 1`, `call` inadhani kuna nakala mbili za kromosomu, utapata 0/1 (nakala moja ya kawaida, moja yenye badiliko) kwa bakteria mwenye nakala moja tu. Ila ukishaiweka, mchanganyiko wa aina mbili za TB kwa mgonjwa mmoja nao unafichwa. Kwa hiyo ongeza `-a AD` (idadi ya vipande vya kila aina) kwenye `mpileup`, hatua ya kabla ya `call`, na usome hesabu zenyewe. Tuseme jeni ya rpoB, kodoni (herufi tatu) ya 450, ina vipande 38 vya kawaida na 12 vyenye badiliko: VCF, faili la matokeo, inaweza kuandika 0 (hakuna badiliko), wakati usugu wa rifampisini umeshaanza kujitokeza. Hilo lazima daktari alijue.

Tengeru77: Na jeni za PE/PPE zifunike (usizihesabu) ukilinganisha wagonjwa kwa wagonjwa. Zinajirudia mno, vipande vya herufi 150 vinakaa pasipo pake na kuzaa tofauti za uongo.

Majengo_Moshi: Naanza na BWA-MEM, `--ploidy 1` na AD.